Uzi maalumu: Mapishi ya sikukuu za Kiyahudi jikoni kwako (viazi vya Hanukkah, challah, kidari, supu ya Pasaka)

MamaPongwe

Wakuu, habari za jioni.

Kule kwenye uzi wa kazi za kulea wazee Marekani nilidokeza kwamba bibi ninayemhudumia ni Myahudi, na kwamba sikukuu zikifika jikoni naingia mimi. Tangu hapo PM imejaa. Wengine wanataka mapishi, wengine wanauliza kosher (chakula kinachofuata sheria zao) ni nini, kuna mmoja kakomaa anataka kujua kama kweli wana sinki mbili. Naweka yote hapa. Mimi mtu wa Pongwe, Tanga, si Myahudi, na siji kumfundisha mtu dini. Nazungumzia masufuria.

Jambo lililonifanya nizielewe hizi sahani, nikaacha kukariri: karibu kila chakula chao cha sikukuu kimezaliwa na katazo. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama, na moto hauwashwi (Kutoka 35:3). Basi maharage, shayiri, viazi na nyama vinawekwa motoni Ijumaa mchana, vinakaa juu ya moto mdogo usiku kucha, vinaliwa Jumamosi. Hiyo ndiyo cholent. Siku hiyohiyo hairuhusiwi kukaa unachambua kibaya ukitoe kwenye kizuri, na miiba ya samaki imo humo. Basi samaki anatolewa miiba mapema, anasagwa, anafinyangwa madonge na kuchemshwa. Gefilte fish hiyo. Nyama haikutani na maziwa, kwa hiyo mkate wa sikukuu, challah, unakandwa kwa mafuta, siagi haigusi. Mguu wa nyuma wa ng'ombe una ule mshipa wa paja ambao hawauli tangu Yakobo apigane mweleka (Mwanzo 32), na kuutoa ni kazi ya fundi hasa, kwa hiyo mabucha yao mengi yanauza sehemu ya mbele tu. Huko mbele ndiko kuliko kidari, nyama ngumu inayotaka saa nne za moto. Leo ndiyo nyama ya heshima mezani.

Jikoni kwenyewe: ndiyo, sinki mbili, seti mbili za masufuria, droo mbili za vijiko. Vya nyama vina mkanda mwekundu kwenye mpini, vya maziwa buluu. Vya kijani ni vya vitu visivyo nyama wala maziwa, yaani mayai, samaki, mboga, matunda, nafaka. Kundi hilo wanaliita parve, na ndilo linalompa mpishi nafasi ya kuhema. Yai halivunjwi moja kwa moja kwenye unga. Linavunjwa kwenye glasi, glasi inanyanyuliwa kwenye mwanga, likionekana doa la damu linamwagwa. Majani ya saladi na kotmiri yanalowekwa, yanasuuzwa, kisha jani moja moja linatazamwa kwenye taa, maana mdudu haliwi hata awe mdogo vipi.

Na moto siwashi mimi. Chakula cha maana kilichopikwa na asiye Myahudi peke yake hakiliwi na wanaoshika sheria. Lazima Myahudi awe na mkono wake humo. Kwa hawa wenye asili ya Ulaya Mashariki, kuwasha moto kunatosha. Basi asubuhi ya kupika bibi anakuja na fremu yake ya kutembelea, taratibu hadi kwenye jiko, anazungusha kitufe cha gesi, anainama kuhakikisha mwali umeshika pande zote, halafu ananiambia, "Haya, jiko lako," anarudi kwenye kiti chake. Kuanzia hapo ni mimi na mwiko.

Nianze na viazi vya Hanukkah, latke, maana ndivyo rahisi na hata Tandale unavipika leo usiku. Hanukkah ni siku nane, mwishoni mwa Novemba au Desemba. Wasomaji wa Biblia mtaikumbuka kwenye Yohana 10:22, sikukuu ya kutabaruku, wakati wa baridi. Ni kumbukumbu ya Wamakabayo kulitakasa Hekalu mwaka 164 kabla ya Kristo, na masimulizi ya mafuta ya siku moja yaliyowaka siku nane. Ndiyo maana kila kitu kinakaangwa. Viazi vyenyewe ni wageni: asili yake ni Amerika ya Kusini, na huko Ulaya Mashariki vilishika kasi karne ya 19. Kabla yake Wayahudi wa Italia walikuwa wakikaanga vijichapati vya jibini.

Viazi mviringo kilo 1, vile vya unga, si vile vya majimaji. Kitunguu maji kikubwa 1. Mayai 2. Unga wa matzo (mkate wao mkavu usiochachuka, uliosagwa) au unga wa ngano vijiko vya kula 3 hadi 4. Chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, pilipili manga. Kwangua viazi kwenye kikwangulio cha karoti, upande wa matundu makubwa, ukipishanisha na kitunguu. Kitunguu kinazuia viazi visiwe vyeusi. Tia kwenye kitambaa cha kuchujia tui, kamua kwa nguvu zako zote juu ya bakuli. Usimwage yale maji! Yaache dakika tano hadi kumi, kisha yamimine polepole, chini utakuta wanga mweupe mzito umeganda. Huo unarudi kwenye viazi. Changanya na mayai, unga, chumvi. Mafuta yawe kina cha sentimita moja, yapate moto hasa. Chota kijiko, bonyeza iwe nyembamba, usizijaze kikaangoni. Kingo zikiwa kahawia iliyokolea, geuza mara moja tu.

Zinaliwa na tufaha zilizopikwa zikapondwa, au malai chachu. Lakini kama mezani kuna nyama, malai hayapo. Si mnaona katazo lilivyorudi?

Challah, kidari na supu ya Pasaka vinafuata. Naingia zamu.

Kigoda cha Mbele

Nimekaa. Nasubiri supu.

Kibarua Huru

Dada samahani, mimi nauliza kwa nia njema. Unapika wewe, unaosha wewe, lakini kuwasha moto hadi aje mwenyewe? Huo si ubaguzi wa wazi kabisa?

MamaPongwe

Kibarua Huru, swali halali, na mwanzoni hata mimi lilinikaa kooni. Lakini nikuulize: kwetu Tanzania nani anachinja machinjioni? Muislamu, miaka yote, ili kila mtu ale kwa amani. Nimekulia kwenye nyumba ambayo kuku hachinjwi mpaka aitwe mwanamume wa jirani, na jirani mwenyewe alikuwa akicheka tu, anachinja, anaondoka na utumbo wake. Sheria hii ya moto waliiweka wanazuoni wao zamani ili watu wao wasizoeane mno mezani na mataifa mengine mpaka wakaoana. Unaweza usiipende. Bibi anakula kila ninachopika na anaongeza. Ninachodai kwao ni mshahara na siku ya mapumziko, na hivyo napata.

Nikuongezee nyingine: divai. Chupa ya divai yao ikishafunguliwa mimi siishiki, isipokuwa imeandikwa mevushal, yaani imechemshwa. Kwa hiyo divai ya kupikia kidari nanunua hiyo iliyochemshwa, shughuli imekwisha.

Bint Makadara

Assalaam alaykum da MamaPongwe. Mie wa Mombasa. Hivyo viazi nimevipika jana, wanangu wamemaliza sahani na mafuta hayajapoa. Nina mawili. Kwanza, hawa watu Hanukkah hawakaangi kitamu? Pili, mwaka mpya wao wala nini? Nimesikia tufaha na asali, lakini haiwezi ikawa ni hilo tu.

MamaPongwe

Waalaykum salaam, Bint Makadara. Wanakaanga sana. Huku na Israeli ni maandazi ya duara yaliyotiwa jemu katikati, sufganiyot. Lakini Wayahudi waliotoka Hispania wakahamia Uturuki na Ugiriki wana bimuelos: unga wa majimaji wenye hamira, unadondoshwa kwenye mafuta, zikitoka zinatumbukizwa kwenye shira au asali. Kaimati hizo mama. Zimetoka ukoo mmoja, ule wa luqma za Waarabu na Waturuki. Wewe tayari ni mpishi wa Hanukkah bila kujua. Wa Moroko nao wana sfenj, zina tundu katikati, unga laini usio na sukari.

Mwaka mpya, Rosh Hashanah, huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Kwa bibi ni tufaha na asali, challah ya duara, karoti za asali, kidari, keki ya asali. Lakini mkwe wake kwao asili ni Halab, Siria, na meza yake ndiyo ingekufurahisha: kuna mlolongo wa vyakula na kila kimoja kina dua yake kabla ya kuliwa. Tende, boga, kunde, vitunguu vya majani, spinachi au majani ya viazisukari, komamanga, na kichwa cha samaki au cha kondoo. Boga, kunde na tende zimetajwa tangu kwenye Talmudi, kitabu chao cha kale cha sheria. Kuna kitu hapo ambacho sokoni Kongowea hakipo? Kunde zao wanazipika na vipande vya nyama, nyanya na vitunguu, moto mdogo mpaka mchuzi unakuwa mzito. Usiweke nazi, japo mkono utakuwasha.

Sasa challah. Unga wa ngano kilo 1, hamira ya chengachenga vijiko vya chai 3, sukari gramu 100, chumvi vijiko vya chai 3 vya kufuta, mayai 4, mafuta ya alizeti mililita 120, maji ya vuguvugu mililita 350. Ongeza kidogo kidogo kama unga unadai. Kanda dakika kumi hadi kumi na tano. Unga uwe mkavu kidogo kuliko wa maandazi, ukiwa laini mno misuko inapotea tanuri likipata moto. Funika, uumuke mara mbili yake. Gawa mikate miwili. Sabato lazima iwe miwili, kwa ajili ya mana iliyookotwa maradufu siku ya sita (Kutoka 16). Kila mkate gawa vipande vitatu, viringisha kamba, suka. Ya Rosh Hashanah inazungushwa duara na kutiwa zabibu kavu. Iumuke tena dakika 40 hivi, paka yai lililopigwa, mwagia ufuta, oka nyuzi 180 kwa dakika 30 hadi 35. Igonge chini kwa vidole: ikitoa sauti ya uwazi, imeiva.

Ukikanda unga mwingi, kuna kibonge kinachonyofolewa na kuchomwa mpaka kiungue, kumbukumbu ya sehemu ya makuhani. Bibi anafanya mwenyewe, anasema dua yake, mimi nakaa kando na mikono yangu yenye unga. Ule mkate wenyewe jina lake limetokana na kibonge hicho.

Asiye na tanuri: sufuria zito, kifuniko, mkaa juu na chini, mnajua wenyewe. Itaiva, ila juu rangi itakuwa madoadoa.

Sangara Mbichi

Shikamoo mama. Nipo Mwanza, zamani nilifanya kazi kiwanda cha minofu. Tulikuwa tunaambiwa sangara anakwenda hadi Israeli. Wanamfanyia nini? Maana sisi tulikuwa tunabaki na mapanki, yaani mifupa baada ya minofu kutolewa.

MamaPongwe

Marahaba, Sangara Mbichi. Umenigusa mahali. Ndiyo, sangara wa Ziwa Victoria anajulikana sana Israeli, kule amepewa jina linalomfanya binti mfalme wa Nile. Ana magamba na mapezi, kwa hiyo ni halali kwao. Na sahani yake hasa ni chraime, samaki wa pilipili wa Wayahudi wa Tripoli, Libya, analiwa Ijumaa usiku na sikukuu. Kwa ladha yangu hii inazipita zote za Ulaya Mashariki kwa mbali, bibi asinisikie.

Minofu minene ya sangara kilo 1, ikamulie ndimu na chumvi. Mafuta vijiko vya kula 5, punje 8 hadi 10 za kitunguu saumu zilizopondwa, paprika vijiko vya kula 2, pilipili kali ya unga kiasi chako, bizari nyembamba kijiko cha chai 1, kisibiti kilichosagwa nusu kijiko cha chai. Kaanga viungo kwa moto mdogo sana, nusu dakika, paprika ikiungua inakuwa chungu na hairekebishiki. Tia nyanya ya kopo vijiko vya kula 3, maji kikombe kimoja na nusu, chumvi. Chemka dakika kumi hadi mafuta mekundu yapande juu. Laza samaki, funika, dakika kumi hadi kumi na mbili, usikoroge, tikisa sufuria. Ndimu mwishoni. Inaliwa kwa kuchovya challah. Chapati pia.

Angalizo: samaki na nyama hawapikwi pamoja wala hawakai sahani moja. Samaki kwanza, sahani zinaondolewa, ndipo nyama.

Msaka Tonge

Kwa hiyo kosher na halali ni kitu kimoja? Nguruwe wote hawali, uchinjaji wote wana masharti.

MamaPongwe

Vinakutana pengi ila si kimoja. Ngamia ni halali kwa Muislamu, kwa Myahudi hapana. Pweza, ngisi, kamba, kaa, papa, kambare: vyote nje, maana samaki lazima awe na mapezi na magamba. Changu na sato ndani. Pombe kwao inaruhusiwa. Na biriani yako ya mtindi ndiyo haramu kubwa hapo, nyama na maziwa sufuria moja. Katazo la kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye limeandikwa mara tatu kwenye Torati. Baada ya nyama wengi wanasubiri saa sita ndipo wanywe chai ya maziwa, wengine saa tatu, wa Uholanzi saa moja.

Mzee wa Ruwi

Nawasalimu kutoka Muscat. Mimi nimezaliwa Zanzibar, huku niko tangu ujana. Zamani nilifanya kazi na watu wa Aden waliokua mtaa mmoja na Mayahudi wa huko kabla hawajaondoka, wakituhadithia supu yao ya Ijumaa. Viungo walivyotaja ni bizari nyembamba, manjano, pilipili manga na iliki. Nikawaambia hiyo si supu ya kigeni, hiyo ni ya mama yangu Malindi. Bi MamaPongwe, hayo ndiyo unayoyapika?

MamaPongwe

Shikamoo mzee. Ndiyo yenyewe. Mchanganyiko huo wanauita hawaij, na supu ya Wayemeni bila huo haijawa supu. Kwa bibi siruhusiwi hata kuufungua; kwake kiungo ni chumvi, pilipili manga na kitunguu, basi. Wazazi wake walitoka Lithuania, na watu wa huko hata gefilte fish yao ina pilipili manga. Wa Poland wanaitia sukari. Kuna mgogoro wa kudumu wa familia hapo, shemeji yake akija na ile ya sukari sahani inarudi ilivyokwenda. Mimi ya chupa ya dukani, ile iliyoelea kwenye jeli, sitaki hata kuitazama. Ya kutengeneza mwenyewe, ikiwa na figili kali iliyosagwa na viazisukari, inaliwa vizuri.

Na mzee, huko Muscat una asali ya tende, dibsi. Wayahudi wa Iraki usiku wa Pasaka wanaichanganya na jozi zilizopondwa, hakuna kingine, ndiyo charoset yao, rojo tamu la usiku huo. Wa kwa bibi wanapondaponda tufaha, jozi, mdalasini na divai tamu. Inawakilisha udongo wa matofali ya utumwani Misri. Jaribu ya dibsi kwa mkate wa moto, utanikumbuka.

Kijiko Kikubwa

Mama naomba msaada wa kikazi. Mimi ni mpishi wa hoteli Arusha. Tumepata kundi la wageni kutoka Israeli, watakuwepo katikati ya Pasaka yao. Meneja kaniambia "usiweke mkate tu." Najua haitoshi. Nifanyeje?

MamaPongwe

Kijiko Kikubwa, umefanya vizuri kutomwamini meneja.

Kinachokatazwa ni ngano, shayiri, rai, oti na spelt (aina ya ngano ya kale) pindi zikikutana na maji zikakaa zikachachuka. Matzo yenyewe ni unga wa ngano na maji, lakini tangu maji yaguse unga hadi mkate utoke motoni haizidi dakika 18. Kwa hiyo mkate, chapati, tambi, keki, bia, uji wa oti: hakuna. Mchuzi ulioshikizwa kwa unga: hakuna. Angalia hata sosi ya soya, nyingi zina ngano. Pasaka ni siku saba kwa Israeli, nane kwa wakaao nje.

Kisha waulize kiongozi wao mapema, kwa maandishi: mnakula mchele na jamii ya kunde? Wenye asili ya Ulaya Mashariki wengi hawali mchele, maharage, wala mahindi wiki hiyo, kwa hiyo ugali nao unatoka. Wenye asili ya nchi za Kiarabu wengi wanakula mchele. Na mwaka 2015 kamati ya sheria ya Conservative, mojawapo ya madhehebu yao, huku Marekani iliruhusu vyote hivyo. Kundi moja linaweza kuwa na watu wa aina zote.

Halafu uliza wanashika sheria kiasi gani. Wakiwa wakali, sufuria zako hawazitaki hata uzisugue vipi. Watakuja na vyakula na matzo zao. Wewe wape matunda mazima, parachichi, mayai ya kuchemsha kwenye sufuria mpya kabisa mbele yao, viazi vilivyofungwa kwenye foili mara mbili, sahani za karatasi, kisu kipya. Mmoja wao ndiye awashe moto, usishangae. Wakiwa wa kawaida tu, mezani weka samaki wa kuchoma, ndizi za kupika, viazi, mihogo, mboga, nyama isiyo na malai. Ndizi za Arusha zitakuokoa wiki nzima.

Sasa supu, ile Kigoda cha Mbele anayoisubiri. Kuku wa kienyeji aliyezeeka, mtetea aliyeacha kutaga ndiye bora; wa kisasa anaiva kabla mchuzi haujapata ladha. Maji ya baridi, kuku, karoti 3, vijiti vya seleri, kitunguu kizima kwa ganda lake la kahawia (hilo ndilo linaloipa supu rangi ya dhahabu), kotmiri. Ikichemka toa povu, punguza moto iwe inatingishika tu, saa tatu. Chuja. Iache ipoe usiku, mafuta yatapanda juu na kuganda: yakwangue uyatunze.

Madonge: mayai 4, mafuta hayo ya kuku vijiko vya kula 4, supu vijiko vya kula 4, unga wa matzo kikombe kimoja, chumvi, pilipili manga. Changanya, weka kwenye friji angalau nusu saa unga unywe maji. Lowesha mikono, finyanga kwa mguso mwepesi ukubwa wa jozi, yatavimba maradufu. Tumbukiza kwenye maji ya chumvi yanayochemka, FUNIKA, dakika 30 hadi 40, na kifuniko kisifunuliwe. Ukifunua yanakuwa mawe. Wapo wanaoyataka magumu yanayozama, hao ni madhehebu yao. Yakiiva yahamishie kwenye supu.

Nje ya Pasaka, kama unataka ladha tu na huna matzo, twanga biskuti ngumu za maji zisizo na sukari kwenye kinu, chekecha. Inakaribia.

Na kidari nisije kikanipita: kilo 2 hadi 2.5, tia chumvi na pilipili, kibanikwe sufuriani pande zote mpaka kiwe kahawia. Vitunguu 5 au 6 vikaangwe kwenye mafuta yaliyobaki hadi vilegee, saumu, nyanya ya kopo, karoti, kikombe cha divai au supu. Funika kabisa, tanuri nyuzi 160, saa tatu na nusu hadi nne. Usikikate kikiwa moto, kinaparaganyika. Kiache kilale kwenye friji, kesho yake kata vipande vyembamba kukatisha nyuzi, rudisha kwenye mchuzi, pasha. Nyama ya kosher imeshalowekwa nusu saa, ikatiwa chumvi ya mawe saa nzima, ikasuuzwa mara tatu kabla hujaiona, kwa hiyo chumvi yako ionje kwanza. Ya bucha la kawaida, tia kama kawaida.

Otis wa Ngara

Sasa wadau. Hapa Nairobi jumuiya yao ipo tangu 1904, na sinagogi lao liko pale University Way. Mwaka kabla ya hapo, 1903, Waingereza walitaka kuwapa Wazayuni (Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe) ardhi ya Uasin Gishu, ndio ule mpango unaitwa wa Uganda na haukuwa Uganda. Walikataa 1905. Nawaza tu Eldoret ingekuwa inakula nini leo. Na kwa upande wa Mbale, Uganda, kuna Abayudaya, wenyeji walioshika dini ya Kiyahudi, walianza 1919 na Semei Kakungulu, wako mpaka leo.

Swali langu ni rahisi: latke zikibaki, nafanyaje? Za jana zimekuwa kama mpira.

MamaPongwe

Otis, asante kwa historia. Microwave ndiyo imekuharibia. Zipange kwenye waya, si kwenye trei, tanuri nyuzi 200, dakika nane hadi kumi, zinarudi kuwa kavu. Huna tanuri, kikaango kikavu, bila kuongeza mafuta. Ukijua wageni ni wengi, zikaange mchana, zigandishe kwenye friza zikiwa zimetandazwa, usiku zipashe moja kwa moja bila kuyeyusha.

Bint Makadara

Da MamaPongwe, la mwisho. Tufaha Mombasa ghali. Naweza kupika embe bichi na sukari likaliwa na hivyo viazi?

MamaPongwe

Embe halina nyama wala halina maziwa. Pika. Tia na pilipili kidogo.